Msondo au Sikinde?

Juzi kahawa ilipoa mezani tukibishana: bendi gani haijawahi kuyumba? Mwenzangu, Msondo damu, akaanzia NUTA Jazz ya 1964, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, ngoma ileile. Mimi nikamtajia Mlimani Park, Sikinde yangu, iliyoanza 1978. Lakini jamani, waimbaji walikuwa nani? Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, waliotoka JUWATA! Mwaka 1985 Gurumo akahamia Safari Sound, baadaye akarudi Msondo. Amefariki 2014. Sasa nyimbo zake tumhesabie nani? Mwenzangu anadai zote za Msondo. Thubutu! Miaka ile saba ya Sikinde simwachii. Baba, wewe uliyecheza dansi DDC Kariakoo, hebu tuamulie.