"Debauchery": Ni uasherati, ufuska au ufisadi?

Neno la Kiingereza "debauchery" huwatatiza wengi wanaojaribu kulitafsiri. Aliye na haraka huandika "uasherati" na kupita. Uasherati umo ndani yake, ila haulijazi. Neno hilo hurejelea mazoea ya kujitosa katika starehe za mwili pasi na kiasi: ulevi, ngono na karamu zisizokoma. Aliyetoka nje ya ndoa mara moja amezini, lakini kosa hilo pekee haliitwi "debauchery".

Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa "débaucher", ambacho hapo kale kilimaanisha kumshawishi mtu aiache kazi au wajibu wake. Hadi leo Mfaransa hukitumia hata mwajiri anapowafuta wafanyakazi. Nomino ya Kiingereza ilizuka katika karne ya 17.

Watafsiri wa Biblia ya Union Version, katika miaka ya 1950, walikuwa na neno mwafaka: ufisadi. Katika Wagalatia 5:19 limepangwa pamoja na uasherati na uchafu. Katika Waefeso 5:18 limehusishwa na kulewa mvinyo. Hapo hapana hongo wala zabuni. Neno lenyewe latokana na Kiarabu, "fasad", yaani uharibifu, na fisadi wa zamani alikuwa mpotovu wa tabia, aghalabu mharibifu wa wanawake.

Mkenya wa leo akisikia "ufisadi" huwazia sakata ya Goldenberg ya miaka ya 1990. Hata tume iliyoundwa mwaka wa 2011 inaitwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Wenzetu wa Tanzania, katika jina la TAKUKURU, walichagua "rushwa", ingawa huko nako waporaji wa mali ya umma huitwa mafisadi. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Waefeso asiyetahadhari huenda akadhani Paulo anawakemea wala hongo.

Je, mtafsiri afanyeje? Kwa maoni yetu, "ufuska" ndilo neno lililo karibu zaidi, nalo halijanyakuliwa na siasa. Kwa mfano: "Mrithi huyo aliifuja mali ya babake kwa ufuska." Pale ambapo wasomaji hawalifahamu, ni heri kutaja matendo yenyewe: "kwa ulevi na uasherati".