Mji wa Reli na Miguu

Kolwezi, mji wa shaba huko Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, ikapangwa kwa ajili ya reli na miguu. Shaba ilisafiri kwa treni. Tangu 1931 njia ya reli ya Benguela iliiunganisha Katanga na bandari ya Lobito, Angola. Watu nao walitumia miguu: katika kambi za kampuni, shule ilikuwa jirani na nyumba za wafanyakazi. Vita vya Angola vilipoikata njia ya Benguela mwaka 1975, na reli za ndani nazo zikachakaa, mzigo ulihamia barabarani. Sheria ya madini ya 2002 ikawaleta wawekezaji wapya, na malori yakaongezeka. Leo watoto wa mashati meupe na sketi za bluu husimama ukingoni mwa barabara, vumbi likiwafunika, mpaka mmoja wao athubutu kuvuka.

Kwa hiyo anayedai mwendo wa kilomita 30 kwa saa mbele ya shule haleti ugeni. Anadai mtaa urudishiwe wenyewe. Wapo wanaosema shaba ndiyo inayotulisha, lori lisicheleweshwe. Tupige hesabu: kilomita moja kwa mwendo wa 60 ni dakika moja, kwa 30 ni mbili. Dakika hiyo ni nini kwa dereva atakayepanga foleni ndefu mpakani Kasumbalesa? Wengine husema kibao cha mwendo hakimzuii mtu, na hapo wana haki. Ndiyo maana tuta lijengwe pamoja na kibao, na gharama ibebwe na wenye mzigo.