Dishi la chaneli za bure: Anza na setilaiti, si duka

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wanaotaka kutazama televisheni bila kulipa ada ya kila mwezi huanzia dukani kwa kuuliza bei ya dishi. Huko ni kuanzia mwisho. Dishi huchaguliwa baada ya kujua chaneli zinazotakiwa, setilaiti inayozirusha na bendi inayotumika. Anayegeuza utaratibu huo huenda akarudi nyumbani na dishi zuri ambalo halitamwonyesha kamwe alichokusudia kukiona.

Suala lenyewe si dogo kwa bajeti ya familia. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa jijini humo Desemba 31, 2012, kila nyumba imehitaji kifaa cha kupokelea matangazo ya dijitali. Agosti 2018, wateja wa baadhi ya ving'amuzi vya kulipia walishuhudia chaneli kadhaa za nyumbani zikiondolewa, kufuatia agizo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kuhusu masharti ya leseni. Anayepokea matangazo moja kwa moja kutoka angani hategemei mkataba wa kampuni ya ving'amuzi, mradi kituo husika kinarusha bila kuyafunga.

Kwa hiyo, andika kwanza orodha ya chaneli unazozitaka. Kisha tafuta zinarushwa kupitia setilaiti ipi. Tovuti ya LyngSat huorodhesha setilaiti, masafa yake na chaneli zilizo wazi au zilizofungwa. Fundi mwaminifu naye atakutajia hayo bila kusita. Akishindwa, tafuta mwingine.

Zipo bendi mbili kuu. Bendi ya C hutumia masafa ya karibu gigahezi 4, na kwa kawaida hudai dishi kubwa la futi 6 au 8. Bendi ya Ku hutumia masafa ya kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, na pale mawimbi yake yanapokuwa na nguvu, dishi la sentimeta 60 au 90 hutosha. Udogo huo unavutia, hasa kwa mpangaji asiye na uwanja. Lakini mvua kubwa hudhoofisha sana bendi ya Ku, na katika majira ya masika picha inaweza kupotea kabisa wakati wingu zito likipita. Bendi ya C haitishwi na mvua kiasi hicho.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni ya eneo, si ya upana. Dishi la futi 8 hukusanya mawimbi karibu mara 1.8 ya lile la futi 6, na la sentimeta 90 hukusanya mara 2.25 ya lile la sentimeta 60. Ndiyo maana nyongeza inayoonekana ndogo dukani huleta tofauti kubwa siku ya mawingu. Kwa bendi ya Ku mjini humo, kuokoa fedha kwa kununua la sentimeta 60 ni uchumi wa kujidanganya, isipokuwa una hakika na nguvu ya setilaiti yako.

Madishi makubwa huuzwa yakiwa ya bati zima au ya wavu. Wavu hupitisha upepo, jambo lenye maana wakati wa kusi, na ni mwepesi kubeba. Kwa bendi ya C unafaa, kwa kuwa wimbi lake lina urefu wa takriban sentimeta 7.5 na halipenyi vitundu vidogo. Kwa Ku, ambayo wimbi lake ni sentimeta 2.5 hivi, bati zima ni bora. Kwa waishio karibu na bahari, chumvi ni adui wa kudumu: chagua alumini, na kagua kama nati na bolti zimepakwa zinki.

Kabla ya kulipa, tazama anga la nyumbani kwako. Chukua mfano wa Intelsat 20, iliyorushwa mwaka 2012 na kuwekwa nyuzi 68.5 Mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Kutoka Dar es Salaam, dishi linaloilenga huelekea mashariki, kidogo kaskazini, likiinuliwa nyuzi 55 hivi. Mwembe au ghorofa linalolizidi dishi kimo kwa meta 10 upande huo linapaswa kuwa umbali wa meta 7 au zaidi. Mwembe mchanga wa jirani uhesabiwe tangu sasa, kwani utakua.

Madishi madogo huwa na LNB iliyosogezwa chini ya kitovu, hivyo huonekana yamesimama wima kuliko yanakotazama. Usimlaumu fundi kwa hilo. Mlaumu akisimika nguzo bila kutumia pima maji, au akichomelea kila kitu kisiweze kugeuzwa. Setilaiti nazo hufa: Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 Mashariki ikihudumia Ulaya, Afrika na sehemu za Asia, ilivunjika vipande Oktoba 19, 2024. Chaneli zikihamia kwingine, dishi linaloweza kugeuzwa huhitaji kazi ya saa chache tu.

Risiva nayo isisahaulike. Za zamani zilizotengenezwa kwa mfumo wa DVB-S pekee haziwezi kusoma matangazo ya DVB-S2, hata dishi likiwa kubwa namna gani.

Fundi akimaliza, mwambie afungue ukurasa wa risiva wenye mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Mstari wa nguvu unaweza kupanda hata dishi likilenga pasipo na setilaiti. Unaohesabika ni wa ubora. Ukiwa umevuka kidogo tu kiwango cha kuonyesha picha siku ya jua kali, mtake aendelee kulirekebisha dishi kabla hujammalizia malipo yake, na viungio vya waya vya nje avizibe maji yasiingie.