Picha za Wajapani Katika Kuta za Nyumba

Wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa, tuingiapo katika nyumba zetu nyingi, kitu tukionacho ukutani ni kalenda iliyotolewa na duka. Mwaka hupita, nayo kalenda haiondolewi, kwa ajili ya picha yake. Hata nyumba ikiwa ya udongo, jicho lapenda kupata mahali pa kutua. Leo twataka kuwasimulia habari za mafundi waliolijua sana jambo hilo.

Katika mji wa Edo, ambao tangu mwaka 1868 huitwa Tokyo, picha nzuri haikuwa mali ya wakuu peke yao. Karatasi moja ya chapa ilinunuliwa kwa bei iliyokaribia ile ya bakuli moja au mbili za tambi, hata mchuuzi aliweza kuichukua nyumbani kwake. Urahisi huo ulitokana na namna ya kazi. Mchoraji alichora juu ya karatasi nyepesi. Mchongaji akaigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga kwa kisu na patasi hata mistari ikabaki imeinuka. Mchoro wenyewe uliharibika, lakini ubao ulizaa picha mamia kwa mamia. Kila rangi ilikuwa na ubao wake, na mpiga chapa aliisugua karatasi kwa mkono, akiangalia sana rangi zisipishane. Mafundi wetu wa mpingo watajua ni subira gani iliyotakiwa.

Hokusai (1760–1849) alikuwa mzee wa miaka sabini hivi alipoanza picha zake 36 za Mlima Fuji, nazo zilipendwa hata zikaongezwa 10. Hiroshige (1797–1858) alichora vituo 53 vya njia ya Tokaido, kutoka Edo kwenda Kyoto: wapagazi wanakimbia mvua mlimani, wasafiri wanavushwa mto mabegani mwa watu. Mtu aliyetoka Lindi kuja huku wakati wa masika atayatambua mambo hayo, ijapokuwa hajafika Japani.

Baadaye wageni walizinunua kwa wingi. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alizitundika katika nyumba yake ya Giverny, na mkusanyo mmoja mkubwa sana umo Boston, Marekani.

Nasi tunalo la kufananisha. Jirani yetu wa Tunduru, Eduardo Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza mwaka 1968 huko Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Wanunuzi wake wengi walikuwa wageni, wakaondoka nazo. Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu ni nani kwao kuna picha ya namna ile ukutani. Hakuna aliyeinua mkono.