Doti, Cherehani na Gauni la Bibi Harusi katika Nchi ya Ukonongo

Katika nchi ya Ukonongo, ambayo Inyonga ni mji wake mashuhuri na leo ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, suala la gauni lipi litampendeza bibi harusi kwa umbo alilojaaliwa na Mola wake si suala la kale. Maana kwa muda mrefu nguo za watu wa huko zilifungwa mwilini pasipo kukatwa wala kushonwa, na nguo isiyo na umbo haiwezi kugombana na umbo la anayeivaa.

Kabla ya bidhaa za pwani kuenea, watu wa nchi hizi za magharibi walivaa ngozi, na magome ya miti yaliyopondwa hata yakalainika, na mahali pengine pamba iliyofumwa kwa mkono. Kisha misafara ya Waarabu na Waswahili ikaleta merikani iliyofumwa huko Massachusetts, na kaniki ya Bara Hindi, pamoja na debwani na sahari za Maskati ambazo aghalabu zilitengewa watawala na wenye mali. Mwaka 1871, vita baina ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, msafiri Mzungu Stanley alilazimika kuzungukia kusini na kupita Ukonongo, na kama misafara yote ya zama zile alilipa hongo na posho kwa nguo. Hivyo shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane zilikuwa fedha na mavazi kwa wakati mmoja.

Yapasa tuitazame doti hiyo kwa insafu, kwa kuwa wengi hudhani kwamba pasipo mkasi hapana usanii. Kujifunga nguo ni elimu kamili. Mwenye nyonga pana hukusanya mikunjo upande mmoja ikaanguka wima. Aliye mwembamba huizungusha nguo mara ya pili ili apate wasaa. Aliye mfupi huifunga juu ya kifua ishuke mfululizo, isimkate kiunoni. Na mja mzito hulegeza fundo tu. Kanga ilipozuka Unguja na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 iliirithi hikima hiyo, na kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kikawa nguo ya arusi huko pwani, kikiwasitiri wote pasipo kubagua.

Gauni jeupe lilikuja kwa njia nyingine. Malkia Victoria alipoolewa tarehe 10 Februari 1840, akiwa amevaa atlasi nyeupe iliyopambwa kwa lesi, aliwapa matajiri wa Ulaya mfano wa kuigwa, na mfano huo ukafuatana na wamisionari hata makanisani mwa Afrika. Walakini gauni lataka cherehani, na cherehani yataka fedha. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, halikupita Inyonga. Kwa hiyo fedha ya Inyonga ilitoka msituni, katika asali na nta, na baadaye katika tumbaku.

Cherehani ilipopatikana, ndipo mwili ulipoanza kupimwa. Fundi alizungusha futi kifuani, kiunoni na nyongani, na binti ambaye bibi yake hakupata kujua ukubwa wa kiuno chake akaanza kuona haya kwa ajili ya tarakimu. Mimi naona dhuluma katika haya hiyo, kwani kosa huwa la mshono, wala si la umbo. Fundi mwenye ujuzi hujua kwamba mabega mapana hupendeza kwa shingo iliyochongoka kushuka kifuani. Kwamba nyonga pana hutaka kitambaa kibane kiunoni kisha kiachiwe kupanuka. Kwamba mwenye tumbo hustareheka mshono wa kiuno ukipandishwa mpaka chini ya kifua. Kwamba mfupi asifungwe ukanda mpana wa rangi nyingine. Na kwamba satini ing'aayo hutangaza kila mkunjo, hali kitambaa kizito kisichong'aa husitiri. Tena bitana na iwe ya pamba, kwani joto la Katavi mwezi wa Oktoba halimwonei huruma bibi harusi.

Miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipoadimika nchini kote, kuchagua mshono kulikuwa anasa. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984, mitumba na nguo za madukani zikarudi, na baadaye ikaenea desturi ya kukodi gauni. Gauni la kukodi limekatwa kwa kipimo cha mtu asiyejulikana, nalo hupita kwa maharusi wengi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na umbo lake. Kwa sababu hiyo nampa bibi harusi wa Inyonga nasaha moja, kwamba aliache lile lenye zipu mgongoni na atafute lenye kamba za kukaza, ambalo hukazwa kwa aliye mwembamba na kulegezwa kwa aliye mnene, kama vile fundo la doti lilivyofanya, na ambalo shangazi yake aweza kulifunga mwenyewe asubuhi ya arusi pasipo kumtafuta fundi.