Kibaba cha Waya, Pishi ya Kompyuta

Kijana mmoja wa Kariakoo kalipia intaneti ya "mega 10". Anashusha filamu ya "mega 700" na kupiga hesabu ya haraka: sekunde 70, hata chai haijapoa. Dakika ya nne inapita, na ule mstari wa kijani kwenye kioo haujafika nusu.

Hajaibiwa. Mega 10 zile ni megabiti kwa sekunde. Mega 700 hizi ni megabaiti, na kila baiti ina biti 8. Zidisha 700 kwa 8, upate 5,600. Gawanya kwa 10, ni sekunde 560, yaani dakika 9 na sekunde 20.

Sokoni kosa hilo lisingetokea. Muuza mchele wa pwani alijua vibaba vinne ni pishi moja, na mnunuzi wa karafuu Unguja alijua frasila yake ni ratili 35, karibu kilo 16. Shida ya vipimo vya mawasiliano ni kwamba vilizaliwa katika nyumba mbili zisizotembeleana.

Nyumba ya kwanza ni ya simu ya maandishi. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden, ukapita Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Enzi hizo mteja alilipia neno, basi hata kasi ilihesabiwa kwa maneno kwa dakika. Lakini neno ni kipimo kibovu: "na" ni neno, "walivyotuandalia" nalo ni neno. Mafundi wa Morse wakachagua PARIS liwe pishi yao. Ukijumlisha nukta zake, mistari yake na nafasi zake zote, linachukua muda wa nukta 50 kamili. Kwa hiyo fundi wa maneno 20 kwa dakika anapitisha vipande 1,000, na nukta yake moja ni milisekunde 60.

Mfaransa Émile Baudot akaja na dawa nyingine. Katika mfumo wake wa mwaka 1874 kila herufi ilipewa mapigo matano yenye urefu sawa, na mapigo matano yanatoa michanganyiko 32. Jina lake likakatwa likawa kipimo: baudi, idadi ya mapigo kwa sekunde. Mashine za teleksi zilienda kwa baudi 50. Kila herufi ilikula mapigo saba na nusu, kwa kuwa juu ya yale matano kulikuwa na pigo la kuanzia na pigo refu la kumalizia. Ukigawanya, kisha ukakadiria herufi za neno la kawaida pamoja na nafasi yake, unapata maneno kama 66 kwa dakika.

Halafu likaja neno biti, ambalo Claude Shannon alilichapisha mwaka 1948 huku akikiri kwamba amelipata kwa J. W. Tukey. Biti ni jibu moja la ndiyo au hapana. Kwa muda biti na baudi zilionekana pacha, maana pigo moja lilibeba biti moja. Modemu ndizo zilizowatenganisha: mafundi walijifunza kupakia biti nne katika pigo moja, hivyo modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilikuwa ikipiga baudi 600 tu. Watu wakaendelea kuiita "modemu ya baudi 2,400", na ulimi ukishazoea haurudi nyuma.

Nyumba ya pili ni ya kompyuta. Huko Werner Buchholz wa IBM alibuni neno baiti mwaka 1956, na kwa Kiingereza akaliandika kwa herufi y makusudi, lisije likachanganywa na biti. Tahadhari nzuri, ila haikumfikia kijana wa Kariakoo. Baiti mwanzoni haikuwa na ukubwa maalumu. Mashine za System/360 za mwaka 1964 ndizo zilizoizoesha dunia biti 8. Wenye ghala wakahesabu kwa baiti, wenye waya wakabaki na biti zao.

Katikati yao ilikaa sauti ya binadamu. Simu ya kidijitali huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo ni biti 8, jumla kilobiti 64. Marekani walifunga njia 24 kama hizo katika furushi moja, wakaongeza biti moja ya alama kwa kila mzunguko wa vipimo, ikawa megabiti 1.544. Ulaya walifunga 32, ikawa megabiti 2.048, furushi linaloitwa E1. Afrika Mashariki ilifuata E1.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam, ulitangazwa kuwa na uwezo wa terabiti 1.28 kwa sekunde. Kwa hesabu ya karatasi ni E1 625,000 kamili, bila baki. Ila enzi hizo wauza jumla hawakuuza hivyo. Furushi lao kubwa, STM-1, lina megabiti 155.52 na hubeba E1 63, ambazo kwa pamoja ni megabiti 129 tu. Megabiti 26 na ushei zinazobaki huliwa na alama za kufungia na kusimamia mzigo: ni uzito wa gunia, na mnunuzi aliulipia pamoja na mchele.