Unabii wa Biblia: maana ya neno lenyewe na maana ya kiroho

Katika Likasi, Mkristo anaweza kusikia Ufunuo 20 ikifundishwa kwa namna mbili bila kutoka mtaani kwake. Mhubiri mmoja atasema kwamba miaka elfu ya utawala wa Kristo ni miaka elfu kweli, itakayohesabiwa hapa duniani. Mwingine atasema kwamba ni picha ya wakati wote wa Kanisa, tangu Kristo alipofufuka hadi atakaporudi. Wote wawili wanaipenda Biblia, na wote wawili wanamngoja Bwana. Makala hii inaeleza tofauti hiyo ilitoka wapi na inatudai nini.

Njia mbili za kusoma

Kusoma kwa maana ya neno lenyewe ni kupokea unabii kama ulivyoandikwa: Israeli ni taifa la Israeli, Yerusalemu ni mji, mwaka ni mwaka. Kusoma kwa maana ya kiroho ni kuona kwamba maneno hayo yanaelekeza kwenye jambo kubwa zaidi: Israeli ni watu wote wa Mungu, Yerusalemu ni makao ya Mungu pamoja na watu wake, hesabu ni alama ya ukamilifu. Hakuna msomaji anayefuata njia moja tu. Hata mwenye kushika neno lenyewe hatarajii kuona mnyama mwenye vichwa saba akitoka baharini. Naye mwenye kufuata maana ya kiroho anaamini kwamba Yesu alizaliwa Bethlehemu hasa, kama Mika alivyotangulia kusema.

Biblia inavyojieleza yenyewe

Maandiko yana mifano ya namna zote mbili. Zekaria 9 ilisema mfalme atakuja amepanda punda, na Yesu akaingia Yerusalemu juu ya punda. Danieli alisoma katika Yeremia habari za miaka 70 ya uhamisho, akazipokea kama miaka ya kuhesabu, akaanza kuomba na kutubu (Danieli 9).

Lakini Malaki alisema Eliya atakuja, na Yesu akawafundisha wanafunzi kwamba huyo Eliya ni Yohana Mbatizaji (Mathayo 17). Amosi alitabiri kuinuliwa tena kwa kibanda cha Daudi kilichoanguka. Katika mkutano wa Yerusalemu, Yakobo aliona neno hilo likitimia katika kupokelewa kwa mataifa ndani ya Kanisa (Matendo 15). Na katika Ufunuo 1, Bwana mwenyewe anaeleza kwamba nyota ni malaika na vinara ni makanisa. Mahali ambapo Biblia imetoa ufunguo wake, hatuna ruhusa ya kuleta ufunguo mwingine.

Katika historia ya Kanisa

Mabishano haya ni ya zamani. Katika karne ya pili, Justino na Irenayo walitazamia ufalme wa Kristo wa miaka elfu hapa duniani. Baadaye Origeni wa Aleksandria alitafuta maana ya ndani nyuma ya kila neno. Augustino wa Hippo, ambaye naye alikuwa mwana wa Afrika, alifundisha kwamba miaka elfu ni wakati wa Kanisa, na mafundisho yake yalitawala kwa karne nyingi. Katika karne ya 19, John Nelson Darby, mwalimu wa Ndugu wa Plymouth, alirudisha kwa nguvu usomaji wa neno lenyewe: Israeli na Kanisa havichanganywi, na unabii mwingi bado unangoja. Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 ilieneza mafundisho ya namna hiyo mahali pengi.

Zilivyofika Katanga

Mwaka 1886, Frederick Stanley Arnot, wa Ndugu wa Plymouth, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri. Ndipo ilipoanza misheni ya Garenganze. Mwaka 1915, William Burton na James Salter walianza kazi ya Kipentekoste kule Mwanza katika nchi ya Waluba. Wamethodisti, ambao John Springer alikuwa mmoja wa waanzilishi wao Katanga, walijenga kituo chao cha Mulungwishi karibu na Likasi. Hao hawakufanya hesabu ya nyakati za mwisho kuwa sharti la imani. Leo jumuiya zilizotoka katika mizizi hii zinakutana ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC). Kwa hiyo tofauti za wahubiri wetu ni urithi wa wazee waliotuletea Injili. Mtu asizichukue kuwa dalili kwamba mmoja wao ameasi.

Somo la Kitawala

Historia ya mkoa wetu inaonyesha uzito wa jambo hili. Mafundisho ya Watch Tower ya Marekani, yaliyoutaja mwaka 1914 kuwa mwisho wa nyakati za mataifa, yalienezwa Nyasaland na Elliot Kamwana miaka ya 1908 na 1909. Yalipita Rhodesia ya Kaskazini, yakafika Katanga pamoja na wafanyakazi wa migodi. Jina lake likawa Kitawala, na wengi walisikia ndani yake neno kutawala. Katika makambi ya Union Minière, Jadotville (ndiyo Likasi ya leo) ikiwa mojawapo, watu waliokuwa chini ya kodi na kazi ya nguvu walisikia kwamba falme za dunia hii zinaanguka. Wakapokea neno hilo kama lilivyo: mzungu ataondoka, kodi itakwisha. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Kitawala katika Katanga.

Kabla ya hapo, mwaka 1925, Tomo Nyirenda aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, alibatiza watu pande zote mbili za mpaka, akitumia maji kuwatambua wachawi. Wale ambao maji hayakuwafunika waliuawa, zaidi ya watu mia moja. Alinyongwa mwaka 1926. Ahadi ya ulimwengu uliotakaswa iligeuzwa kuwa hukumu mikononi mwa mtu mmoja.

Lakini somo lina upande wa pili. Kwa nini Kitawala ilisikilizwa? Kwa sababu mtu aliyechapwa kazini aliweza kwenda kanisani akaambiwa kwamba uhuru wa manabii ni wa moyo tu. Hiyo nayo ni tafsiri ya kiroho, na iliwafaa waliokuwa na fimbo. Yakobo 5 inaposema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele masikioni mwa Bwana, ujira ni ujira. Mchimbaji wa Likasi aliyepunjwa kwenye mizani anaielewa sura hiyo bila mfasiri.

Maswali ya kutusaidia

Kabla ya kuhubiri unabii, tuulize: Mwandishi aliwaambia nini wasikilizaji wake wa kwanza? Je, ni historia, shairi au maono? Agano Jipya limeueleza unabii huu mahali popote? Unatuongoza kwa Kristo? Na unatutaka tufanye nini?

Swali la mwisho ndilo tunalolisahau. Sisi tunaishi karibu na Shinkolobwe, mahali ilipotoka uraniamu ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Ni rahisi mhubiri asome 2 Petro 3, juu ya viumbe vya asili kuunguzwa, aseme ndiyo haya. Petro mwenyewe hakuingia katika hesabu hiyo. Mara moja aliuliza imetupasa kuwa watu wa namna gani katika utakatifu.

Yesu alisema siku na saa haijulikani na mtu (Mathayo 24). Neno hilo halina maana ya fumbo. Basi, yeyote anayetangaza tarehe, au anayewaambia waamini wauze shamba na kuwatoa watoto shuleni kwa sababu mwisho umefika, amekwisha kupita mipaka ya njia zote mbili. Na yeyote anayetumia mbingu ili kunyamazisha kilio cha maskini, naye amepita. Tunaweza kutofautiana juu ya miaka elfu, tukakaa meza moja ya Bwana, tukimngoja yule yule.